Mwanaume, kikoi na sketi: ugomvi wetu uko wapi hasa?

Julai 2022, joto kali likiwa limeikamata Ulaya, mwigizaji Brad Pitt alifika Berlin kuitangaza filamu yake akiwa amevaa sketi ya kitani ya rangi ya udongo inayoishia magotini, na buti nzito miguuni. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba ni upepo tu. Picha zile zilifika mpaka kwenye makundi ya simu huku kwetu, na majibu yakawa yaleyale ya siku zote. Huyu anasema dunia imekwisha. Yule anasema mbona babu zetu walijifunga shuka. Watu wakatupiana maneno siku mbili tatu, kisha kila mmoja akarudi kwenye shughuli zake na msimamo wake uleule.

Mimi ubishi huu siwezi kuupita hivihivi. Nimelelewa pwani, mahali ambapo mwanaume akishaoga jioni anajifunga kikoi au msuli, anavaa fulana, anakaa barazani na hakuna anayemgeukia. Kazi yangu iko mjini, kwenye jengo ambalo nikifika na kikoi hichohicho sitavuka mlango. Kwa hiyo swali la mwanaume na nguo isiyo na miguu miwili halikuja kwetu na Hollywood. Lipo siku nyingi, ila tumelifungia uani. Naamini pande zote mbili za ubishi huu zina ukweli mzito, na kila upande una hoja moja uliyoiazima bila kuikagua.

Nianze na wanaotetea, maana historia iko nao. Msafiri wa Kimoroko, Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka 1331, wenyeji walimletea mavazi ya heshima: futa ya hariri ya kujifunga kiunoni, kanzu ya kitani cha Misri, joho na kilemba. Mwenyewe ameandika kwamba futa ile watu wa huko waliifunga badala ya suruali, ambayo hawakuijua. Baada ya hapo alishuka na pwani hadi Mombasa na Kilwa. Tuseme wazi maana yake: karibu miaka 700 iliyopita, mgeni mwanazuoni wa Kiislamu alivalishwa na wenyeji wake, kama alama ya hadhi, kitambaa kilichozungushwa kiunoni na kuachwa wazi chini. Kwa umbo, hiyo ni sketi.

Suruali ndiyo iliyotoka mbali. Suruali za kale zaidi kupatikana zilifukuliwa kwenye makaburi ya Yanghai, karibu na Turfan, magharibi ya China, na zina umri wa miaka kama 3,000. Wanaakiolojia wanazihusisha na watu waliopanda farasi, na sababu iko wazi kwa yeyote aliyewahi kukaa juu ya tandiko. Warumi, waliovaa majoho, waliiona suruali kuwa nguo ya washenzi, na mwishoni mwa karne ya 4 mfalme Honorius aliipiga marufuku ndani ya mji wa Roma. Nguo ambayo leo ndiyo kipimo cha uanaume, wakati huo ilikuwa ya kumtoa mtu mjini.

Na kikoi hakijafa. Mtazame mvuvi anavyokifunga. Anakishika kwa ncha mbili nyuma ya mgongo, anakisawazisha mpaka pindo la chini lifike juu kidogo ya kifundo cha mguu, analeta upande mmoja mbele, anaulaza upande wa pili juu yake, kisha anaviringisha ukingo wa juu mara mbili tatu hadi unakaza. Ndani ya ule mviringo anachomeka noti zake na kipande cha karatasi chenye hesabu ya samaki. Akitaka kusukuma ngalawa anapiga ubinda: anaupitisha mwisho wa kitambaa katikati ya miguu na kuuchomeka nyuma, na papo hapo amepata kaptula. Kazi ikiisha anauteremsha. Nguo moja, kazi nyingi, na haina hata kifungo kimoja cha kukatika. Huko Eastleigh, Nairobi, wazee wa Kisomali wanatembea na macawis, kikoi chao, hadi msikitini na dukani. Oman, chini ya dishdasha, mwanaume anajifunga wizari. Na usiku wa manane Dar es Salaam, anayekulindia gari na duka ni kijana wa Kimasai aliyejitanda shuka nyekundu, rungu mkononi, na hakuna mwizi anayemdhania kuwa si mwanaume wa kutosha kwa sababu miguu yake iko nje.

Kuna jambo jingine ambalo wanaume wengi tumelipitia na tunalisahau haraka. Mvulana akitoka kutahiriwa, kuanzia kwenye jando la zamani mpaka hospitali ya wilaya leo, mara nyingi havai suruali. Anavaa shuka, msuli au kanga ya mama yake, na anatembea akiivuta mbele kwa vidole viwili isiguse kidonda. Wiki zile ambazo jamii inamwambia sasa umekuwa mwanaume, ndizo anazozipitisha ndani ya sketi. Wala hakuna anayemcheka. Wadogo zake wanamwangalia kwa heshima.

Kwa Waislamu hoja inakwenda mbali zaidi. Mwanaume akihirimia hija au umra, haruhusiwi kuvaa suruali. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoulizwa mwenye ihramu avae nini, alitaja nguo za kuachwa, na suruali ilikuwa mojawapo. Anayekwenda kusimama Arafa anajifunga kitambaa kisichoshonwa kiunoni na kujitanda kingine begani, awe mfalme au mbeba mizigo. Siku ambayo muumini anatakiwa awe katika hali yake bora kabisa mbele ya Mola wake, vazi lake ni lile ambalo akirudi nyumbani na kulivaa ofisini ataambiwa hajavaa.

Hapo watetezi wa sketi huwa wanafurahi, halafu wanaruka. Kutoka kwenye kikoi na ihramu wanaruka moja kwa moja hadi kwenye sketi iliyoshonwa, yenye zipu na mikunjo, ya jukwaa la mitindo la Paris, na kusema yote ni mamoja. Si mamoja, na wanaopinga wana haki ya kuukataa mruko huo.

Fikiria kanga na kikoi. Zote ni pamba, zote ni pembe nne, urefu na upana havipishani sana. Lakini katika mtaa uleule wa Unguja au Lamu ambako mwanaume wa kikoi anaitikiwa salamu kwa heshima, mwanaume atakayetoka sokoni amejifunga kanga ya maua kifuani atasimamisha biashara. Wazee wetu hawakuwahi kusema mwanaume avae chochote. Walichora mpaka, tena mkali, ila waliuchora mahali pengine: kwenye nakshi, kwenye pindo, kwenye mahali pa kufungia, si kwenye swali la kama nguo ina miguu miwili au haina. Anayemtumia Ibn Battuta kuhalalisha sketi ya Paris anamwomba babu ushahidi kwa kesi ambayo babu angeihukumu tofauti.

Dini nazo zimesema. Hadithi ya Ibn Abbas, iliyopokewa na Bukhari, inawalaani wanaume wanaojifananisha na wanawake na wanawake wanaojifananisha na wanaume. Kumbukumbu la Torati 22:5 inamkataza mwanaume kuvaa vazi la mwanamke, na mwanamke vazi la mwanaume. Anayepinga sketi kwa maandiko haya hajatunga kitu. Ni kweli kwamba wanazuoni wengi wanasema lipi ni vazi la kike na lipi la kiume huamuliwa na desturi ya mahali, na desturi hubadilika. Watetezi wanaliona hilo kuwa mlango ulio wazi. Lakini muumini mwaminifu anaweza kujibu kwamba desturi ya mtaa wangu, leo hii, inasema sketi ni ya mwanamke, na mimi nafungwa na desturi iliyopo, siyo ile ambayo wewe unatarajia itakuja. Jibu hilo ni la haki. Sijaona aliyelivunja.

Hoja ya joto, ambayo ndiyo inayotajwa sana, naiona nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Juni 2017 madereva wa mabasi wa Nantes, Ufaransa, walikwenda kazini na sketi kwa sababu kampuni yao ilikataza kaptula. Mwezi huohuo, wavulana wa shule ya Isca Academy mjini Exeter, Uingereza, walifanya vivyo hivyo. Habari hizo husimuliwa kana kwamba ni ushindi wa sketi. Hazikuwa hivyo. Wale madereva na wale wavulana walitaka kaptula. Sketi ilikuwa njia ya kuwabana wakubwa, na wakubwa walipolegeza kuhusu kaptula, sketi zikarudi kabatini. Ukiwa mwanaume wa Dar es Salaam, mwezi wa Januari, unatafuta hewa tu, bukta iko na inatosha.

Ingawa nayo bukta kwetu ina kidonda chake. Askari wa kikoloni na watumishi wa nyumbani, wanaume wazima wenye wake na watoto, walivalishwa kaptula huku bwana mkubwa akiwaita vijana. Nadhani ndiyo maana hadi leo mwanaume wa makamo akienda na kaptula kwenye kikao cha ukoo anaonekana amewakosea watu. Kikoi hakina historia hiyo ya kudhalilishwa. Kinafika chini, kinastiri zaidi ya kaptula, na kinapitisha upepo. Kama tatizo ni joto na stara kwa pamoja, jawabu tulikuwa nalo.

Je, vazi kama sketi linakuwaje la kiume mpaka mtu asithubutu kulicheka? Mfano ulio bora kuliko yote ni Scotland. Baada ya maasi ya mwaka 1745, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya mavazi ya mwaka 1746, likawakataza wanaume wa nyanda za juu kuvaa kilti, vazi lao la kama sketi: kosa la kwanza kifungo cha miezi 6, kosa la pili kupelekwa ng'ambo miaka 7. Lakini askari wa jeshi la mfalme waliachiwa. Kwa zaidi ya miaka 30, mwanaume pekee aliyeruhusiwa kuvaa kilti hadharani alikuwa mwenye bunduki. Sheria ilipofutwa mwaka 1782, vazi lilikuwa limekwisha kupata sifa ya ushujaa. Mfalme George wa Nne alipotembelea Edinburgh mwaka 1822 naye alilivaa, na katika Vita Kuu ya Kwanza vikosi vya Scotland vilipigana navyo kwenye mahandaki ya Ufaransa. Leo bwana harusi wa Glasgow anavaa kilti na mama mkwe anatoa machozi ya furaha.

Ugiriki ni vilevile. Askari wa gwaride wa Athens wanavaa fustanela nyeupe yenye mikunjo mingi, na watalii husimama kwa adabu kupiga picha. Fiji inafundisha zaidi. Sulu, kitambaa cha kujifunga kiunoni, kilienezwa huko katika karne ya 19 na wamisionari wa Kikristo kutoka Tonga kama alama ya kwamba mtu ameokoka. Baadaye mafundi wakaishona vizuri, wakaitia mifuko, na leo polisi wa Fiji wanavaa sulu nyeupe yenye pindo la meno ya msumeno, na wabunge wanaivaa na koti na tai. Injili ileile iliyowavisha wanaume wa Fiji sulu, huku bara ndiyo iliyowavua wengi shuka na kuwatia kwenye suruali. Anayesema sketi ya mwanaume ni kinyume cha Ukristo, na anayesema Ukristo ndio ulioleta chuki dhidi yake, wote wawili wana taifa zima la visiwa la kulitafakari.

Katika mifano hiyo yote, naona kitu kimoja kilichoifanya nguo iwe ya kiume: wanaume wengi kuivaa kwa pamoja, wakiwa kwenye jambo ambalo jamii yao ilikuwa inaliheshimu. Jeshi, kanisa, uvuvi, hija. Hakuna mahali ambapo mtu mmoja mwenye ujasiri aliivaa peke yake na mtaa ukamfuata. Ndiyo maana sketi ya majukwaa ya mitindo bado haijashuka mitaani. Mbunifu wa Kifaransa Jean Paul Gaultier aliionyesha kwenye mavazi yake ya kiume ya mwaka 1985. Miaka 40 imepita. Mwanamuziki wa Kiingereza Harry Styles alivaa gauni kwenye jalada la jarida la Vogue la Marekani, Desemba 2020, na watu wakabishana kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Kitu ambacho kila miaka kumi kinatangazwa upya kuwa kipya hakijawa cha kila siku. Wapo wanaokiishi kweli, kama Mark Bryan, mhandisi wa Kimarekani anayeishi Ujerumani, ambaye huenda kazini na sketi na viatu vya visigino na kusema nguo haina jinsia. Namheshimu kwa uthabiti wake. Lakini ni mtu mmoja, na kazi yake na nchi anayoishi vinamlinda.

Ulinzi huo ndio unaonifanya nisitulie. Mwigizaji wa Hollywood anashuka kwenye gari lenye walinzi, anapigwa picha, anapanda tena. Kijana wa Tandika au Kawangware akishona sketi kwa fundi cherehani wa mtaani, ana daladala la kupanda, ana stendi ya kupita, ana wenye bodaboda waliokaa kona hawana abiria. Huku kwetu vazi hilo linasomwa mara moja kuwa tangazo la mapenzi ya jinsia moja, jambo ambalo sheria za Tanzania, Kenya na Uganda zinalitia kwenye jinai yenye adhabu nzito. Kuvaa sketi siyo kosa hilo. Lakini umati haufungui kitabu cha sheria kabla ya kuokota jiwe. Na tunaujua umati huu. Novemba 2014 wanawake wa Nairobi waliandamana baada ya mwanamke mwenzao kuvuliwa nguo hadharani na wanaume waliodai amevaa vibaya. Mwaka huohuo Rais wa Uganda alitia saini sheria dhidi ya ponografia ambayo mitaani ilieleweka kuwa ni sheria ya sketi fupi, na wanawake wakashambuliwa kwa kisingizio chake hadi Mahakama ya Katiba ilipokuja kubatilisha vifungu vyake vikuu mwaka 2021. Mikono iliyozoea kuvua wanawake nguo haitasita kwa mwanaume. Kwa hiyo wanaharakati wanaowahimiza vijana wavae bila woga wawe tayari kusimama nao stendi saa moja usiku. La sivyo wanacheza na ngozi za wenzao.

Vilevile wale wanaopinga kwa dhati wana wajibu hapa, na wengi wao hawautimizi. Kukataa vazi ni haki yako. Kulikataza nyumbani kwako ni haki yako. Mtu akivuliwa nguo mbele ya macho yako ukaondoka ukisema alijitakia, hapo hujalinda maadili yoyote. Mtu aliyevuliwa yuko uchi, na wewe ulisema unachukia utupu.

Sasa niliseme lile ambalo kwangu ndilo la ndani kabisa. Mwanamke akivaa suruali, hata wale wasiopenda huona kwamba anajipandisha. Ataambiwa anajifanya mwanaume, kana kwamba uanaume ni cheo anachokikwea. Mwanaume akivaa sketi anaonekana ameshuka. Sheria ya Paris ya mwaka 1800 iliyowakataza wanawake suruali ilikuja kutangazwa kuwa batili rasmi mwaka 2013, na hapa Tanzania Juni 2021 mbunge Condester Sichalwe alitolewa bungeni akabadilishe kwa sababu suruali yake ilionekana kubana. Kwa hiyo safari ya wanawake nayo haijaisha. Lakini angalau hakuna anayesema suruali ilimwaibisha kwa kumfanya afanane na mwanaume. Aibu ya sketi yote imejengwa juu ya kufanana na mwanamke.

Nimewahi kusikia jibu zuri la hoja hii, na sitaki kulidharau. Mzee mmoja aliniambia: "Mwanangu, nguo ya mama yangu naiheshimu, ndiyo maana siivai." Aliyesema hivyo hakuwa mnafiki. Kuna heshima katika kutenganisha, na jamii nyingi zimeishi kwa kutenganisha bila kudharau. Ila sikiliza matusi anayotupiwa yule kijana. Haambiwi umechukua kisicho chako. Anaambiwa umekuwa mwanamke, na tusi hilo linaeleweka na kila mtu bila maelezo, wakiwemo watoto wa kike waliosimama pembeni wakilisikia. Kama ni kutenganisha tu, kwa nini jina la upande wa pili liwe tusi? Hapo ndipo ninapotaka wanaume wenzangu wanaopinga sketi wasimame kidogo kabla ya kuendelea.

Nasi tumekwisha kuona serikali zetu zikijaribu kuyapanga mavazi kwa amri. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Tanzania iliendesha kampeni ya kuwataka Wamasai waache lubega wavae suruali, kwa sababu viongozi waliona aibu taifa jipya kuonekana lina watu wa shuka. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, ianze Januari 1, 1969. Angalia mkono uleule unavyofanya kazi: kwa Mmasai, vaa suruali ndiyo uwe mstaarabu, kwa kijana wa Dar es Salaam, suruali yako imezidi, umeiga Ulaya. Leo shuka nyekundu iko kwenye matangazo ya utalii, mabango ya viwanja vya ndege na maduka ya zawadi. Vazi lililotiwa aibu ndilo tunalowauzia wageni.

Msimamo wangu, basi. Sketi ya jukwaani siioni kuwa ukombozi. Siamini kwamba mwanaume anakuwa huru zaidi kwa kubadilisha alichovaa, na hoja kwamba nguo haina maana yoyote naikataa. Ingekuwa haina maana, wasingehangaika kuivaa mbele ya kamera. Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba tunagombana juu ya sketi ya Berlin huku kikoi chetu tumekifanya nguo ya kulalia na taulo la ufukweni la mtalii. Kama wanaume wa pwani wangekivaa kazini, wengi kwa pamoja, kwa heshima na kwa ushonaji mzuri, pamba nzito, pindo la kifundoni, mfuko wa ndani wa simu kama walivyofanya Wafiji, nina hakika katika kizazi kimoja hakuna ambaye angeuliza. Kampuni moja ya Seattle, Utilikilts, iliyoanza mwaka 2000, ilishona kilti za kitambaa kigumu chenye mifuko mikubwa kwa ajili ya mafundi wa kazi za mikono, na ikapata wateja. Mwanaume anataka pa kuweka ufunguo. Hoja ndogo kama hiyo huamua mengi kuliko mihadhara.

Kikwazo kiko kwenye kanuni zilizoandikwa. Bunge la Kenya linamtaka mwanaume avae koti, kola, tai, shati la mikono mirefu, suruali ndefu, soksi na viatu, na Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula alizipiga marufuku hata suti za Kaunda pamoja na mavazi ya asili. Mbunge wa Lamu hawezi kuingia na kikoi, hata akikivaa na koti juu. Ofisi nyingi, za umma na za binafsi, zimenakili roho hiyohiyo bila kujiuliza imetoka wapi.

Ningependa kanuni hizo ziandikwe upya kwa kutaja kile kinachoepukwa badala ya kutaja jina la nguo. Kama ni utupu, iandikwe nguo istiri kutoka kitovuni hadi chini ya goti. Kama ni uchafu, iandikwe iwe safi na imepigwa pasi. Kama ni hatari, iandikwe kwamba kwenye mashine inayozunguka, kwenye ngazi na kwenye pikipiki hairuhusiwi nguo inayoning'inia, na hapo suruali itashinda kwa sababu ya kazi, siyo kwa sababu ya Ulaya. Kanuni ya namna hiyo itakiruhusu kikoi na itairuhusu shuka ya Mmasai. Najua pia kwamba itamruhusu na yule mfanyakazi mmoja atakayekuja na sketi ya kushonwa, ndefu, safi, inayostiri. Nimelifikiri hilo kwa muda mrefu, na sijapata njia ya haki ya kukifungulia mlango kikoi changu huku nikimfungia yeye. Mimi sketi hiyo sitaivaa. Lakini akikaa dawati la jirani na kufanya kazi yake, sitamripoti, na atakayemtukana tutakabiliana.